Tuulize Udongo: Ule wa vumbi, laini kama unga

SWALI: Nalima vitunguu na matikiti karibu na Marigat kwa maji ya mfereji. Udongo wetu ni wa kijivu, laini kama unga wa ngano. Kila nikimwagilia, siku ya tatu juu panafunga ganda gumu na miche inakwama chini. Jirani ananiambia niongeze mbolea ya dukani. Nifanye hivyo? – Mkulima, Marigat

JIBU: Hapana, ndugu, usiitoe pesa hiyo bado. Kinachokusumbua si njaa ya udongo bali ukubwa wa chembe zake. Udongo wako ni wa vumbi, na chembe za vumbi zina upana wa kati ya milimita 0.002 na 0.05. Zinazozidi hapo ni mchanga, zilizo ndogo zaidi ni mfinyanzi. Mfinyanzi hunata, mchanga hupitisha maji, lakini hizi za katikati hazina gundi ya kutosha kushikana wala nafasi kubwa za kupitisha maji. Tone likizipiga zinatawanyika, zinaziba vitundu vya juu, kisha jua la Baringo linazikausha zikawa kigae. Ganda lenyewe ni la milimita chache tu, ila shina la kitunguu kinachoota ni kama uzi.

Gundi unayoweza kuipata ni samadi iliyooza vizuri. Tia kilo 2 kwa kila mita mraba, yaani kilo 20 kwa tuta la mita 1 kwa 10, uichanganye hadi kina cha sentimita 15, na urudie kila msimu. Usiulime udongo huu ukawa poda. Acha mabonge ya ukubwa wa ndimu kati ya mistari, maana ndiyo yanayovunja nguvu ya maji. Ukishasia mbegu, zifunike kwa samadi iliyochekechwa badala ya udongo, sentimita 1 tu, kisha utandaze nyasi kavu. Siku unapoona miche inachungulia, ziondoe nyasi juu ya mistari na kuziacha katikati.

Maji yasipite juu ya tuta. Yapitishe kwenye vijifereji vya pembeni, polepole, yapenye kutoka ubavuni. Kama ganda limeshafunga, nyunyiza kidogo jioni, na asubuhi lingali bichi ulikwaruze kwa reki. Likishakauka usiliguse, kwani litang'oka kama sahani pamoja na miche.

Jambo moja liangalie kwa makini. Ukiona unga mweupe juu ya ganda, hiyo ni chumvi iliyovutwa na jua kutoka chini. Hapo samadi peke yake haitoshi. Peleka udongo maabara upimwe chumvi na sodiamu kabla ya kununua chochote. Sodiamu ikizidi, dawa yake ni jasi (gypsum), na kiasi chake hutokana na vipimo, hakikisiwi.

Na usiuchukie udongo huu. Ukishaushikisha kwa samadi, hutunza maji ya kunywewa na mizizi kuliko mchanga wowote.

SWALI: Tunajenga vyumba viwili huku Rongai, Nakuru. Tulifyatua matofali mabichi kwa udongo wa hapo hapo uwanjani, yakakauka vizuri, lakini mvua moja tu kingo zote zikayeyuka. Fundi anasema tuyachome. – Mama wa watoto watatu, Rongai

JIBU: Mama, tafadhali msiyachome kwanza. Tofali lenye mfinyanzi kidogo hula kuni nyingi na hutoka dhaifu vilevile. Anzeni kwa kujua mlicho nacho.

Chimbeni chini ya udongo wa juu wenye mizizi. Jazeni theluthi ya chupa pana ya kioo kwa udongo huo, ongezeni maji hadi robo tatu na chumvi kidogo, tikiseni kwa dakika 2, kisha muiweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Vumbi hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi ndio wa mwisho, kwa hiyo pimeni kwa rula kesho yake. Tuseme tabaka zote ni sentimita 12, mchanga 2, vumbi 9, mfinyanzi 1. Huo ndio udongo unaoyeyuka. Tofali bichi zuri hutaka mchanga nusu au zaidi, na mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 30.

Mfinyanzi wa karibu mnao: udongo wa kichuguu. Jaribuni madebe 2 ya udongo wenu, 2 ya mchanga wa chengachenga na 1 la kichuguu, na muongeze majani makavu ya ngano yaliyokatwa sentimita 10 ili kupunguza nyufa. Loweka mchanganyiko usiku kucha kabla ya kukanyaga. Fyatueni matofali matano tu. Yakipasuka, mfinyanzi umezidi. Yakimong'onyoka kingo ukiyakwaruza kwa kidole, umepungua. Vichuguu havifanani, ndiyo maana nasema matano, si mia nne.

Mkiweza kukodi mashine ya kushindilia kwa mkono, saruji itasaidia zaidi kuliko moto. Chekecheni udongo kwa wavu wa milimita 5. Ili kujua kiasi cha saruji, tengenezeni kisanduku chenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 4 kwa 4, mpake mafuta, mjaze udongo uliolowa, na muuache ukauke kabisa. Usogezeni upande mmoja mpime pengo. Likiwa chini ya milimita 12, kipimo 1 cha saruji kwa 18 vya udongo. Milimita 12 hadi 24, 1 kwa 16. Kutoka 25 hadi 39, 1 kwa 14. Kutoka 40 hadi 50, 1 kwa 12. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo pimeni saruji na udongo kwa chombo kimoja.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi ya wengi. Finyanga tonge, liangushe kutoka kiunoni kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Likitapakaa kama unga, ongeza maji. Likibaki bapa, yamezidi. Matofali yaliyotoka mashineni yafunikwe kwa nailoni kivulini na kunyunyiziwa kila siku kwa angalau siku 7, yangoje siku 28 ndipo yajengwe.

Hata hivyo, tofali lolote la udongo huomba msingi wa mawe uliopanda sentimita 30 juu ya ardhi na paa lililotokeza sentimita 60.

SWALI: Nimesikia China watu huishi ndani ya udongo kama wetu. Kwa nini basi hapa Nakuru mvua ikinyesha mashimo hufunguka uani? – Mpangaji, Nakuru mjini

JIBU: Wa China ni vumbi la jangwani lililopeperushwa na upepo na kurundikana, pengine zaidi ya mita 100 kwenda chini. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, ndipo watu wakachimba nyumba humo. Lakini tetemeko la mwaka 1556 huko Shaanxi liliziangusha nyingi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 830,000. Wa Nakuru ni majivu ya volkano zaidi, ila tabia zinakaribiana: mkavu hubeba mzigo, ukilowa hukosa mshiko. Maji yakipata ufa wa chini huubeba kidogo kidogo, juu pakabaki dari nyembamba. Ufa uliofunguka karibu na Mai Mahiu Machi 2018 ulionekana hivyo baada ya mvua kubwa.

Maji ya paa yasimwagike karibu na msingi. Yapelekeni kwenye tangi au mtaro uliosakafiwa. Shimo likishatokea, watoto wakae mbali, kwani kingo zake huenda ziko hewani. Likiwa dogo, jazeni mawe makubwa chini, madogo juu yake, kisha mfinyanzi ulioshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Msijaze takataka, kwani huoza na shimo hurudi. Likiwa limeelekea chini ya ukuta, hameni chumba hicho leo, mwite mhandisi kesho asubuhi.