Muziki mpya kwenye gemu za zamani: jibu langu refu kuhusu Street Fighter 6

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza mambo mawili. La kwanza, iwapo mashabiki wanaoulalamikia muziki wa gemu ya mapigano ya Street Fighter 6, ulioegemea zaidi hip-hop na kuwapa hata wapiganaji wakongwe mahadhi mapya, wana haki, au ni watu waliozeeka tu wanaotaka utoto wao urudishwe. La pili, iwapo malalamiko ya aina hii huwafikia wenye kutengeneza gemu. Wengi mmemjibu kwa ndiyo au hapana, kisha mkaishia kutukanana. Mimi niliendesha chumba cha gemu mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tangu enzi za mashine ya gemu ya PlayStation 2, na mwenye chumba huusikia muziki wa gemu kuliko hata wachezaji wenyewe, maana wao huondoka na yeye hubaki. Kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Rai yangu ni kwamba muziki wa gemu una kazi ndani ya mchezo, mbali na kupendeza masikioni. Shabiki akilalamika kwamba kazi fulani iliyokuwa ikifanywa na muziki haifanyiki tena, huyo asikilizwe. Akilalamika kwamba muziki haufanani na ule aliouzoea, huyo apewe muda, kwani mara nyingi atakuja kuusifu muziki huohuo baada ya miaka michache, na atausifu kwa ukali uleule aliokuwa akiuponda nao.

Tuanze na Street Fighter yenyewe. Katika Street Fighter II ya mwaka 1991, ambayo sehemu kubwa ya muziki wake ilitungwa na Yoko Shimomura, uhai wa mpiganaji ukikaribia kwisha mahadhi huongeza kasi. Chumbani kwangu hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko rangi za kwenye skrini, kwa sababu vijana waliokaa nyuma kabisa, wasioona vizuri, walijua kwa masikio tu kwamba pambano linaelekea ukingoni, nao wakaanza kusogea mbele kudai zamu. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia. Mtunzi akileta mtindo wowote, uwe hip-hop, jazi au hata ngoma ya uta, muradi mchezaji bado anajulishwa kinachotokea, msingi wa gemu haujaguswa.

Tena mfululizo huu umewahi kupita njia hii. Street Fighter III: 3rd Strike ilitoka mwaka 1999 ikiwa na muziki wa Hideki Okugawa, uliojaa jazi, mapigo ya haraka ya elektroniki na sauti ya mwanarapa wa Kanada anayejiita Infinite. Sisi tuliipata baadaye kwenye PlayStation 2. Vijana waliokulia kwenye Street Fighter II waliikataa, wakauliza mahadhi ya Guile, mmoja wa wapiganaji wa zamani, yako wapi, na kwa muda hoja yetu ilikuwa hiyo moja tu. Leo hii ukiingia katika mjadala wowote wa mashabiki wa mapigano, muziki wa 3rd Strike hutajwa miongoni mwa ulio bora katika mfululizo mzima, na wapo wanaoilaumu Street Fighter 6 kwa kutoufikia. Ndiyo maana hasira ya mwaka wa kwanza mimi siifanyi ushahidi wa jambo lolote.

Kuna jambo nililolijua kwa sababu ya mahali tulipo. Adhana ilipoanza tulizima sauti ya televisheni, na waliokuwa katikati ya pambano wakaachiwa wamalize kimya. Wacheza kandanda hawakujali hata kidogo. Wengi wao walikwisha kuzizima nyimbo za gemu na kuweka za kwao kutoka kwenye flashi. Waliokuwa wakipigana ndio walionung'unika, nami nilipowauliza wanakosa nini, walitaja mlio wa teke na mlio wa ngumi iliyozuiwa, maana mikono yao hufuata milio hiyo. Muziki hawakuutaja kabisa. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba muziki mpya umemharibia gemu, kwanza ajiulize kama ni muziki au ni milio. Hivyo ni vitu viwili, na katika gemu nyingi za sasa vina vipimo tofauti kwenye mipangilio.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mashabiki walikuwa na haki kabisa, ni Sonic CD ya mwaka 1993, gemu ya kampuni ya Sega ambayo mhusika wake, Sonic, ni mnyama wa buluu aendaye mbio. Toleo la Japani lilikuwa na muziki wa Naofumi Hataya na Masafumi Ogata. Lilipopelekwa Marekani, tawi la Sega la huko likaagiza muziki mwingine, likampa kazi hiyo Spencer Nilsen. Gemu yenyewe haikubadilika. Sasa, katika gemu hii mchezaji husafiri katika nyakati: hatua moja ina wakati uliopita, uliopo na ujao, na wakati ujao una sura mbili, njema na mbaya. Katika toleo la Japani mahadhi ya nyakati hizo yamezaliwa kutoka katika wimbo mmoja, hivi kwamba ukirudi nyuma unaisikia sehemu ileile ikiwa changa, na ukienda mbele unaisikia imenawiri au imeharibika. Muziki wa wakati uliopo na ujao ulikuwa umerekodiwa kwenye diski kama nyimbo za CD ya kawaida, kwa hiyo kuuondoa na kuweka mwingine ilikuwa rahisi. Lakini muziki wa wakati uliopita ulichezwa na mtambo wenyewe kutokana na vipande vidogo vya sauti vilivyofungwa ndani ya programu, nao ukaachwa ulivyo. Matokeo yake, mchezaji wa Marekani akirudi wakati uliopita alikutana na wimbo usio na udugu wowote na ule aliotoka nao.

Niliyapata matoleo yote mawili ya muziki kwenye simu, katika gemu iliyotolewa upya mwaka 2011, ambayo humruhusu mchezaji kuchagua autakao. Nikawa nabadilisha, leo huu, kesho ule. Nilsen si mtunzi mbovu, na Wamarekani waliokua na muziki wake wanautetea kwa dhati, jambo ambalo silishangai. Hata hivyo, uzi uliokuwa ukiziunganisha zile nyakati ulikatwa, na shabiki aliyelalamika mwaka 1993 alikuwa akionesha kitu ambacho hata asiyempenda Sonic angekisikia.

Mara nyingine muziki hubadilika kwa kupungua, na hapo watu hudhani wameibiwa. Gemu ya safari na vituko ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilipotoka Machi 2017, wengi waliozoea mahadhi makubwa ambayo mtunzi Koji Kondo aliuanzishia mfululizo huo katika miaka ya 1980 walikuta nyika pana yenye upepo, nyayo, na noti chache za piano zinazokuja na kupotea. Binamu yangu kutoka Mombasa aliniachia mashine yake ya gemu ya Switch wakati wa likizo, na vijana walipoiona gemu hiyo waliniomba niongeze sauti, wakidhani iko chini. Kisha mchezaji akakaribia moja ya zile mashine kongwe zinazorusha mwale, piano ikaanza kukimbia, na chumba kizima kikashtuka. Mahadhi yangekuwa yanapigwa mfululizo tangu mwanzo, hatari ile isingekuwa na mahali pa kuingilia. Isitoshe, gemu inayochezwa kwa makumi ya saa katika uwanja mmoja ingemchosha mtu kwa wimbo wa dakika tatu unaojirudia. Nawaelewa wanaoukosa wimbo wa zamani, lakini haukuondolewa kabisa: ukipanda farasi usiku na kuendelea kwa muda, piano huanza kuuleta taratibu, kipande kwa kipande.

Wazee wetu wa taarabu nao waliwahi kulalamika namna hii, na kwao pia ilibidi kuchuja. Waliozoea udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, walipoanza kusikia vinanda vya umeme harusini, baadhi yao walichukia tu kwamba kitu ni kigeni. Wengine walisema mdundo umekuwa mzito kiasi kwamba shairi halisikiki, na hao hawakuwa na wa kuwajibu.

Siwezi kumaliza bila kuitaja Civilization, gemu ya kujenga taifa tangu enzi za kale, kwa kuwa inatuhusu kuliko gemu nyingine zote. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa maneno ya sala ya Kikristo. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy. Mashabiki wa ng'ambo waliupenda bila kuyaelewa maneno. Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti: nilipouweka chumbani, mzee mmoja aliyekuwa akipita aliuliza kwa utani ni kanisa gani limefunguliwa Langoni. Civilization V ilipotoka mwaka 2010 bila wimbo wa namna hiyo, malalamiko yakawa mengi. Hapo mimi nawaunga mkono nusu. Ule wimbo haukumsaidia mchezaji kucheza, ila ulimweleza, kabla hajagusa chochote, kwamba hii ni gemu kuhusu binadamu wote tangu walipoanza kukaa pamoja. Wimbo wa ufunguzi una kazi hiyo, na gemu iliyofuata haikuifanya kwa nguvu ileile. Lakini waliodai kila toleo lije na Baba Yetu nyingine walikuwa wakidai wasichoweza kupewa.

Kuhusu swali la pili, jibu ni kwamba malalamiko huwafikia watengenezaji, ingawa huchelewa. Sonic CD ilichukua miaka 18 hadi matoleo yote mawili ya muziki kuwekwa pamoja. Christopher Tin alirudishwa katika Civilization VI mwaka 2016, na tena katika VII mwaka 2025. Halo, gemu ya vita vya bunduki, iliacha kwa kiasi kikubwa mahadhi yake ya uimbaji wa kitawa katika Halo 4 ya mwaka 2012, mashabiki wakalia, na katika matoleo yaliyofuata, hadi Halo Infinite ya mwaka 2021, mahadhi yale yakasikika tena.

Wewe ndugu uliyeuliza, umesema umeisikia Street Fighter 6 kwenye trela tu, yaani video fupi ya kuitangaza. Trela hukatwa ili kuuza, na muziki wake huwekwa juu ya milio yote. Tafuta mwenye nayo, cheza mapambano ya kutosha na mtu wa kiwango chako, kisha urudi hapa utuambie ni kipi hasa ulichokikosa. Ukikuta ni mahadhi ya Guile tu, basi punguza muziki kwenye mipangilio, acha milio ilivyo, na uweke ya zamani kwenye spika ya pembeni, kama walivyokuwa wakifanya wacheza kandanda wangu.