Naogopa kubonyeza kitufe niongee na mnara

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 19, naishi Morogoro. Mwaka mzima nimekuwa nikirusha Cessna 172, ndege ndogo, kwenye simuleta ya kompyuta ya kaka yangu. Nimejisajili VATSIM, mtandao wa marubani na waongoza ndege wa simuleta, na mtihani wa wageni nimefaulu, lakini kila nikitaka kuingia hewani naghairi. Niliwasikiliza marubani wa huko, wanaongea mbio na mwongoza ndege anajibu mbio zaidi. Nianze vipi bila kuwaharibia watu kazi wala kufungiwa? Na bando langu litahimili?

JIBU: Marahaba. Kazi yangu ya mchana ni kuongoza ndege za kweli, na usiku nikipata nafasi nakaa kwenye simuleta kama wewe. Siku ya kwanza kuingia VATSIM nikiwa rubani, nilibonyeza kitufe cha kuzungumza na sauti ikanikauka. Mimi niliyeshinda kutwa natoa maagizo! Kwa hiyo woga wako naufahamu, na hauhusiani na Kiingereza chako. Unatokana na kutojua sentensi inayofuata itakuwa ipi. Ukishaijua, ile kasi inayokutisha inapungua yenyewe, kwa sababu masikio yanasubiri kitu kinachotarajiwa.

Tumalize la bando kwanza. Muunganisho wenyewe wa VATSIM ni mwepesi: unapeleka namba za mahali ulipo, mwinuko na mwendo, pamoja na sauti iliyobanwa. Kinachomeza bando ni Microsoft Flight Simulator kuvuta picha za ardhi kutoka mtandaoni unaporuka. Ingia kwenye mipangilio ya data uzizime. X-Plane inaweka mandhari yake kwenye diski, haina tatizo hilo. Programu ya kukuunganisha ni vPilot kwa Microsoft na xPilot kwa X-Plane, zote za bure. Nunua hedifoni yenye kipaza sauti, hata ya bei ya chini. Spika za mezani zitarudisha sauti ya mnara hewani na utachukiwa.

Hao unaowaogopa ni watu wa kujitolea. VATSIM ipo tangu 2001, mwenzake IVAO tangu 1998, na kote huko wengi wa walioko "mnarani" ni wapenzi wa ndege waliopita mafunzo na mitihani ya mtandao huo. Wachache ndio wenye leseni halisi kama mimi. Kila mmoja wao aliwahi kuwa mgeni. Ukisema mwanzoni kwamba ni safari yako ya kwanza, watakupunguzia mwendo.

Kabla ya kurusha chochote, ingia kama msikilizaji. vPilot na xPilot zina nafasi hiyo: unaunganishwa bila ndege, unachagua masafa ya redio, unasikiliza. Keti na daftari usiku mmoja na uandike kila kinachosemwa kwa ndege moja tu, tangu iko kwenye maegesho mpaka inaondoka. Ndege ya pili utaona inaambiwa yale yale, kilichobadilika ni namba.

Sasa safari yenyewe. Usianzie Nairobi. Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na Cessna yako itahema kama mzee anayepanda Uluguru. Wala usiende Heathrow ya London usiku wa shughuli kubwa, huko hata sisi wazoefu tunatoka jasho. Anza Zanzibar, Uwanja wa Abeid Amani Karume, nenda Dar es Salaam, Julius Nyerere. Ni maili za baharini kama 39, karibu kusini moja kwa moja, na kwa Cessna hazizidi nusu saa. Pwani iko kuliani kwako, kwa hiyo huwezi kupotea. Futi 2,500 zinatosha.

Njia ya kurukia ya Zanzibar inaitwa 18 upande mmoja na 36 upande wa pili. Namba hiyo ukiizidisha kwa kumi unapata nyuzi za dira: 180 ni kusini, 360 ni kaskazini. Ndege huruka ikiukabili upepo. Basi mtu wa pwani hahitaji kuambiwa mengi: kipindi cha kusi, upepo wa kusini, utapewa 18 na pua itakuwa tayari inaitazama Dar, kipindi cha kaskazi, upepo wa kaskazini, utapewa 36 na itabidi ugeuke baada ya kupaa. Washa hali ya hewa halisi kwenye simuleta, maana mwongoza ndege anafanya kazi kwa upepo wa leo na si wa kubuni.

Ingia mtandaoni ukiwa kwenye maegesho. Kamwe usiingie ukiwa umesimama kwenye njia ya kurukia, kuna mtu anaweza kuwa anatua juu yako.

Kuita mnara ni kama kupiga hodi. Unamtaja mwenye nyumba, unajitaja wewe, unasema uko wapi na umefuata nini. Ndivyo ilivyo duniani kote:

"Zanzibar Tower, 5H-ABC, Cessna 172 on the apron, VFR to Dar es Salaam, request taxi."

Yaani wewe ni 5H-ABC, jina la ndege yako, uko maegeshoni, unakwenda Dar kwa VFR, ndiyo kuruka kwa kutazama nje kwa macho, na unaomba kutembea ardhini. Iandike kwenye karatasi. Isome kwa sauti mara kumi kabla hujagusa kitufe. Hakuna anayekuona, na mimi mpaka leo naandika. Kisha sikiliza kama kuna mazungumzo yanayoendelea, subiri yaishe, ndipo ubonyeze. Mkibonyeza wawili kwa pamoja hasikiki yeyote, inasikika kelele tu.

Jibu litakuja takriban hivi: "5H-ABC, taxi to holding point runway 18, QNH 1013." Yaani tembea mpaka mahali pa kusubiri kando ya njia 18, na QNH ni kipimo cha shinikizo la hewa unachoweka kwenye altimeta, kifaa cha kupima mwinuko. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Wanajibu "Roger." Neno hilo maana yake nimekusikia, basi. Halimwambii mwongoza ndege kwamba umesikia 18 na si 36. Unachotakiwa ni kumrudishia agizo lake: "Holding point runway 18, QNH 1013, 5H-ABC." Vya kurudia kila mara ni hivi: njia ya kurukia, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kuruka au kutua, amri ya kusubiri nje, mwinuko, uelekeo, mwendo, masafa mapya, kipimo cha altimeta na namba nne za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada. Upepo na maelezo mengine hayana haja. Kimsingi, namba inayoweza kuua inarudiwa.

Sisemi kuua kwa kukutisha. Tarehe 27 Machi 1977, pale Tenerife katika Visiwa vya Canary, Boeing 747 ya KLM ilianza kuruka ndani ya ukungu huku 747 ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo. Watu 583 walikufa. Rubani msaidizi wa KLM alitumia maneno yasiyoeleweka sawasawa kuhusu kuruka, mnara ukajibu "OK", na onyo lililofuata likamezwa kwa sababu wawili walizungumza kwa wakati mmoja. Baada ya hapo neno "takeoff" likawekewa mipaka: linatamkwa wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka, kwingine tunasema "departure". Ndiyo maana maneno yetu ni makavu na hayabadiliki, na ndiyo maana wewe uliyejifunza Kiingereza darasani huna hasara mbele ya Mwingereza. Yeye ndiye mwenye kazi ya kujizuia asipambe.

Yapo maneno matatu yatakayokuokoa. "Say again" usiposikia. "Unable" ukiagizwa jambo usiloliweza, mfano kupanda haraka kuliko uwezo wa ndege yako. "Standby" ukihitaji muda wa kupumua. Mimi simkasirikii rubani anayeomba nirudie mara tatu. Anayenitoa jasho ni yule anayeitikia kila kitu halafu anageukia upande mwingine.

Jambo moja linalowachanganya wageni: huenda ukafungua ramani ya mtandao ukaona Zanzibar hakuna mnara, lakini kuna mwongoza ndege wa eneo kubwa. Kwenye VATSIM wa juu anabeba kazi za wa chini wasiokuwepo, kwa hiyo huyo huyo ndiye atakayekupa ruhusa ya kutembea ardhini. Ukiwa hujui, mwandikie ujumbe umuulize. Na asipokuwepo yeyote, jambo la kawaida kwa anga letu siku za katikati ya wiki, baki kwenye 122.8, masafa ya marubani wote pasipo na mwongoza ndege, andika unachokusudia kila hatua, kama unaingia njiani, unaruka au unakaribia kutua, na ukipenda kitamke pia. Ukiwa njiani ukaletewa ujumbe wa kumtafuta mwongoza ndege kwenye masafa fulani, mwite mara moja.

Hofu yako ya kufungiwa iache. Hufungiwi kwa kugugumia. Wanaofungiwa ni wanaotukana, wanaochezea njia za kurukia, au wanaoweka 7500 kwenye transponda, namba ya ndege iliyotekwa, ambayo mtandaoni ni marufuku kabisa. Mwenye matatizo zaidi kati ya waungwana ni yule anayekwenda kula akaacha ndege inajipeleka. Akiitwa haitiki, na foleni nzima nyuma yake inavurugika. Mama akikuita mezani, mwombe mwongoza ndege ruhusa ya kukatisha, au tua kwanza.

Pale Dar, ukishatoka kwenye njia ya kurukia usisimame mkiani mwa njia ya kutokea. Sogea mpaka ndege nzima ivuke mstari wa kusubiria, kisha uombe njia ya maegesho. Egesha, zima injini, aga, halafu ndipo ukate muunganisho.