Nyayo zinawaka moto usiku? Diklofenaki si dawa yake

Wenye kisukari wenzangu mnaijua hali hii. Mchana unavumilia, lakini ukijilaza tu nyayo zinawaka kama umekanyaga mchanga wa Kigamboni saa saba mchana. Shuka likigusa vidole, unaruka. Duka la dawa la mtaani watakupa diklofenaki. Iache. Hiyo ni dawa ya uvimbe, nasi hatuna uvimbe, halafu inazichosha figo ambazo sukari imekwisha kuzichosha.

Kinachouma ni neva yenyewe. Ukuta wake una vijitundu vinavyofunguka na kujifunga, vikipitisha chembe za sodiamu na kalisi zenye umeme, na kwa njia hiyo habari ya maumivu hupanda hadi kwenye ubongo. Neva iliyoumizwa na sukari hupeleka habari hiyo hata pasipo jeraha. Kwa hiyo dawa inayotufaa ni ile inayovigusa vijitundu. Gabapentini na pregabalini hushika vya kalisi. Karbamazepini, ile ya kifafa, hubana vya sodiamu, ila hiyo hupewa zaidi wenye maumivu ya neva ya uso.

Mimi nilianzishiwa gabapentini kidogo, usiku, ikapandishwa taratibu. Mwanzoni inalevya jamani! Nilikuwa nasinzia kwenye daladala mpaka kituo kinapita. Dereva wa bodaboda asiguse usukani kabla mwili haujaizoea. Ukinywa dawa ya kiungulia yenye magnesiamu, subiri angalau saa 2 ndipo umeze gabapentini. Usiikatishe ghafla. Na daktari ajue hali ya figo zako, maana zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa.

Kama umetumia metformini, ile dawa ya sukari, kwa muda mrefu, omba upimwe vitamini B12. Upungufu wake nao huleta ganzi na kuchomachoma, na tiba yake ni vitamini hiyohiyo.

Siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp inasifiwa dawa ya maumivu iitwayo suzetrijini. Ni kweli, Marekani iliiidhinisha Januari 2025, na inaziba kijitundu kimoja tu cha sodiamu, Nav1.8, kilicho zaidi kwenye neva za maumivu nje ya ubongo, ndiyo maana hailevyi kama afyuni. Lakini kibali chake ni cha maumivu ya ghafla, mfano ya baada ya upasuaji, si haya yetu ya kudumu. Akitokea mtu Kariakoo anakuuzia kwa ajili ya miguu, mwambie akuonyeshe cheti cha daktari kwanza, uone atakavyokimbia.