Ningechagua kuponya, lakini foleni nisiipange mimi

Mleta mada ameuliza: kama kila mmoja wetu angejaliwa uwezo mmoja usio wa kibinadamu, angechagua upi, na angejiwekea mipaka gani katika kuutumia? Wengi waliotangulia wamechagua kusoma mawazo ya watu au kutoonekana. Hayo mawili nayapita haraka, kwa sababu sioni namna ya kuyatumia bila kuingia katika siri za mtu ambaye hakukukaribisha. Mimi nachagua kuponya kwa kugusa, na nasema hivyo nikiwa muuguzi wa kitengo cha dharura, kazi iliyonionyesha kwamba ugumu wa uwezo huo uko kwenye foleni.

Tupige hesabu. Nikimgusa mgonjwa mmoja kila dakika, saa kumi kwa siku, bila hata kunywa chai, nitahudumia watu 600 kwa siku, yaani 219,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 nchini Tanzania. Hata kama mmoja tu katika kila mia ndiye mgonjwa, ningehitaji karibu miaka mitatu kuwamaliza, na wakati huo wengine wangekuwa wameshaugua.

Tuliokuwa Arusha mwaka 2011 tuliliona jambo hili kwa macho. Habari zilipoenea kwamba mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila anatoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi. Nilimsindikiza shangazi yangu. Ubora wa dawa ile nauacha kando, maana hoja yangu ni mstari wenyewe: tulilala ndani ya gari, tukanunua maji kwa bei ambayo mjini ungegombana na muuzaji, na wakati wengine wakifariki kabla zamu yao haijafika, wenye fedha waliletwa kwa helikopta, wakanywa, wakaondoka. Bei ya kikombe ilikuwa moja kwa wote, ila gharama ya kukifikia haikuwa moja.

Kazini kwetu wagonjwa hupangwa kwa rangi, nyekundu ikiwa ya asiyeweza kusubiri. Niliwahi kupokea kwa wakati mmoja mwanamume aliyevunjika mkono, akipiga kelele hadi mlinzi akaja, na mtoto aliyelala kimya mapajani mwa mama yake, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mama hakusema zaidi ya "Samahani, dada." Mtoto ndiye aliyepewa nyekundu, na ndugu wa yule mwanamume wakaniambia sina utu.

Kwa hiyo sharti langu kubwa ni kwamba mwenye uwezo asiwe mpangaji wa foleni. Nikiachiwa yote mawili, shangazi atakuwa wa kwanza, atafuata jirani, kisha mgeni ambaye bosi wangu amenipigia simu kumwombea, na sitaona kwamba nimemdhulumu yeyote, kwa kuwa kila niliyemgusa alikuwa mgonjwa kweli. Kazi ya kugawa rangi ningewakabidhi watu wanaopokezana zamu na wasiowafahamu wagonjwa. Tena nisingemruhusu mtu kuacha dawa zake kabla vipimo havijathibitisha kwamba amepona; baada ya kikombe cha Loliondo wapo walioacha ARV, na mponyaji hawezi kusema hilo halimhusu. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa kuguswa, ninapita kwa anayefuata.

Kuna aliyeshauri kwamba uwezo kama huu ufichwe ili mwenye nao aishi kwa amani. Siafikiani naye, kwa sababu uwezo uliofichwa huwafikia ndugu, marafiki na wakubwa wa kazi tu. Afadhali foleni ndefu inayoonekana na kila mtu, hata kama itanibidi nihamie mahali penye lami.