Saratani ikifika kwenye ini, upasuaji bado unawezekana

Pole sana, dada. Umeuliza kama kumpasua mzee ni kumtesa bure, maadamu saratani ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini. Hapana. Hata hatua ya 4, yaani saratani ikishasambaa hadi kiungo kingine, wapo wanaopona kabisa kwa njia hii. Madaktari hawahesabu uvimbe tu, wanaangalia zaidi kitakachobaki: ini lisilo na kasoro nyingine likibakiwa na sehemu isiyo na saratani ya kama asilimia 20 hadi 30, pamoja na mishipa yake ya damu na njia ya nyongo, hukua tena. Ndiyo maana wengine huanzishiwa kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, ili uvimbe usinyae, au huzibwa mshipa unaolisha upande mgonjwa ili ule mzima uongezeke kwanza. Kemotherapi ya muda mrefu nayo huchosha ini, kwa hiyo msikawie.

Sitakuficha: kwa zaidi ya nusu ya waliopasuliwa ugonjwa hurudi, ingawa baadhi hupasuliwa tena. Lakini neno "haiwezekani" msilipokee kutoka kwa daktari asiyepasua maini. Ombeni picha za mzee zionwe na bingwa wa upasuaji wa ini kabla hajaanza dawa, maana uvimbe ukisinyaa sana huwa vigumu kuuona.