Risiti Imetoka, Pesa Bado Iko Njiani

Nina duka la vikoi, viungo na visanduku vya mbao Mji Mkongwe, Unguja. Wateja wangu wengi ni wageni, na wengi hulipa kwa kadi. Wenzangu wanaoanza kutumia mashine ya kadi huniuliza: malipo yanathibitishwa baada ya muda gani? Mtandao ukiwa mzuri ni sekunde chache tu. Tunapoumia ni pale tusipojua sekunde hizo zimethibitisha nini.

Mgeni akigusisha kadi, ombi linatoka kwenye mashine kwenda benki iliyokupa mashine, linapita Visa au Mastercard, kisha linafika benki yake, hata kama iko Milan. Huko wanaangalia kama kadi ni hai, kama haijaripotiwa kuibwa na kama salio linatosha. Wakikubali, wanakizuia kiasi kile kwenye akaunti ya mgeni na kukurudishia namba ya idhini. Zamani kazi hii ilifanywa kwa simu. Kule Marekani, kabla mtandao wa BankAmericard, ambao leo ni Visa, haujaanza kutumia kompyuta kutoa idhini mwaka 1973, muuzaji alipiga simu na mteja akasubiri dakika kadhaa.

Basi shika hili: pesa imezuiwa, haijahamia kwako. Itahama baada ya kufunga hesabu ya siku kwenye mashine jioni, na kuingia kwenye akaunti yako ni siku moja ya kazi au zaidi, kutegemea mkataba wako na benki. Mauzo yangu ya Ijumaa usiku huyaona Jumatatu au Jumanne. Mwaka wangu wa kwanza nilimwahidi fundi seremala kumlipa Jumamosi kwa pesa ya namna hiyo, nikaishia kukopa kwa dada yangu.

Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja mgeni aliyenunua kisanduku cha shilingi 380,000. Mashine ilizunguka weee, kisha ikaandika hakuna mawasiliano. Nikaingiza kadi tena, ikakubali. Mara akanionyesha simu yake: meseji mbili za makato. Aliniangalia kama mwizi, na sikuwa na la kujitetea. Kumbe ombi la kwanza lilifika benki kwake, jibu ndilo lililopotea njiani. Muamala wa namna hiyo kwa kawaida hufutwa, lakini kwa mteja kiasi kinaweza kubaki kimezuiwa kwa siku kadhaa. Nilimwandikia karatasi yenye kiasi, saa na namba yangu. Baada ya siku tisa alinijulisha kuwa imerudi.

Tangu hapo, mashine ikikata katikati sirudii kabla ya kufungua orodha ya miamala na kumwomba mteja aangalie simu yake. Nikibaki na shaka, naipigia benki, mteja akiwa bado amekaa hapo.

Jifunze pia namba za majibu ambazo mashine huonyesha kadi ikikataliwa. 51 ni salio halitoshi. 91 ni benki ya mteja haipatikani, hiyo unaweza kungoja kidogo ukajaribu tena. 05 ni benki imekataa bila kutaja sababu. Usimhoji mtu mbele ya wenzake, mwombe kwa sauti ya chini kama ana kadi nyingine. Nimeona wauzaji wakitangaza "kadi yako haina pesa!" duka zima likasikia, na mara nyingi si kweli.

Weka laini za mtandao za kampuni mbili tofauti. Zinasaidia siku nyingi, ingawa si zote: Mei 2024, nyaya za baharini za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika, laini zangu zote mbili zilisuasua. Siku hizo niliwawekea wateja mizigo yao kwa jina, wakaja kulipa mtandao uliporudi.

Wageni wanaowahi boti ya Dar ndio hutubana zaidi. Mashine bado inazunguka, na yeye tayari ameshika mkoba. Mimi nafunga mzigo lakini siutoi mkononi mpaka risiti yenye namba ya idhini itoke. Mara mbili wageni walitangulia bandarini, nikamtuma kijana wangu mbio na mzigo baada ya risiti kutoka, na mara zote mbili aliwakuta boti haijang'oa nanga.