Kiharusi: Mmeuliza, Nawajibu

Babangu aliamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Wazee wakasema upepo, akakandwa mafuta siku tatu. Tulikosea? (Kisauni, Mombasa)

Mlimkanda kwa mapenzi, ndugu yangu, lakini hicho kilikuwa kiharusi, na ugonjwa ulikuwa kichwani. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alieleza alivyopasua maiti za watu wa ugonjwa huu akakuta damu imevuja ndani ya ubongo. Mshipa hupasuka, au huziba. Kukanda na kunyoosha viungo kuna siku zake baadaye. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, mpakie hata kwenye tuktuk mwende hospitali. Msingoje kukuche.

Kwa nini walitaka picha ya kichwa kwanza, nasi pesa tunazitafuta? (Likoni)

Kwa sababu ukimtazama mgonjwa kwa macho, huwezi kujua mshipa umeziba au umepasuka. Madaktari walikuwa wakikisia hadi 1971, mashine ya picha za kichwa (CT) ya mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ilipompiga picha mgonjwa wa kwanza London. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliyoidhinishwa Marekani 1996, humwokoa aliyeziba lakini yaweza kumuua aliyepasukiwa. Mwanzo ilitolewa ndani ya saa 3. Utafiti wa 2008 ukafikisha saa 4 na nusu. Mwaka 2015 tafiti zilithibitisha pia kwamba donge kubwa laweza kuvutwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani.

Nyinyi wa Likoni mna kivuko mbele yenu, kwa hiyo kila dakika naionea uchungu. Kumbukeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka na kiharusi huhesabiwa tangu alipolala.

Presha yangu siisikii, nimeacha vidonge. Kuna ubaya? (Mji wa Kale)

Upo, mamangu. Rudi kwa daktari wiki hii. Presha ya Rais Roosevelt wa Marekani ilipanda miaka na miaka, wala hapakuwa na dawa ya maana. Aprili 12, 1945, damu ilivuja ubongoni akafa. Mwaka 1967 daktari wa Marekani, Edward Freis, na wenzake walitoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha kali. Katika waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika waliomeza dawa, 2 tu. Kwangu mimi hakuna hatua iliyozidi hiyo, hata mashine. Ng'onda (samaki wa chumvi) na achari nazo zipunguze.

Nimeze aspirini kila siku nijikinge? (Changamwe)

Usijianzishie. Daktari huwaandikia wengi waliokwisha kupata kiharusi cha kuziba. Kwa mwenye mshipa unaovuja, huzidisha kuvuja kwa damu.